Mwalimu Ezéchiel na Baraza ya Hesabu ya Nguba

Padri wetu, walimu, majirani wa mtaa huu wa Nguba, jamaa mliotoka Nyantende na Kalehe, na ninyi wanafunzi mnaosimama kando ya ukuta kwa kuwa viti vimekaliwa na wakubwa, familia inawashukuru kwa kufika, na imempa Apollinaire, mdogo wa marehemu, huyu anayesimama mbele yenu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yake, si kwa sababu ya akili, maana akili ya hesabu katika nyumba ile ilimruka yeye ikatua kwa mkubwa wake, bali kwa sababu ya sauti, kwani ni mtu aliyepita Bujumbura, Kampala, Mombasa na Lubumbashi akarudi na hadithi nyingi na vyeti vichache, na kote alikopotea njia hakukosa mtu wa kumsikiliza.

Marehemu Ezéchiel Mushagalusa alizaliwa Nyantende tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa kwanza katika nyumba ya wakulima wa maharagi na mihogo, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1968 hadi 1974, na katika miaka hiyo alianza kumfundisha mdogo wake Apollinaire kujumlisha, kazi ambayo mpaka leo haijakamilika. Aliingia shule ya sekondari hapa Bukavu, section ya math-physique, yaani hesabu na fizikia, akapata diploma ya serikali mwaka 1981, akaendelea na masomo ya ualimu hadi 1984, na mwezi wa tisa wa mwaka huo alitumwa Kalehe, ambako alifundisha hesabu miaka saba, akashuka na kupanda barabara ile hadi akaijua kila shimo kwa jina, kisha mwaka 1991 akarudishwa Bukavu, na hapa alibaki ubaoni hadi siku ugonjwa ulipomwondoa.

Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa kanisani na Francine, binti wa Kabare, aliyekuwa akiuza vitenge katika soko la Nyawera, na Mungu aliwajalia watoto wanne, Jean-de-Dieu, Elodie, Josué, na wa mwisho Gloire, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2004, naye ndiye huyu aliyekaa karibu na mama yake.

Watu wengi walio hapa walimjua marehemu kwa ajili ya baraza ya nyumba yake, maana kila mchana baada ya shule watoto wa mtaa walikuja na devoir zao, kazi walizopewa wafanyie nyumbani, wengine kutoka mashule ambayo yeye hakufundisha, wakakaa kwenye mabenchi, naye akapita katikati yao na chaki mfukoni, hakuuliza mtoto anaitwa nani wala ni wa nani, aliuliza jambo moja tu, “Umekwama wapi? Weka kidole.” Aliyejibu kwamba hajaelewa chochote, aliambiwa, “Hapana, hata barabara ya Kalehe haiharibikake yote, kuna pahali gari inakwama, tuonyeshe pale,” na mtoto akacheka, akatafuta na kidole chake, na mara nyingi kabla kidole hakijatulia alikuwa ameshaona mwenyewe kosa lake. Hapo mtu alikuwa huru kusema sijaelewa mara tatu, mara nne, na muzee alirudilia kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza, hata Maman Francine alikuwa akisema kutoka jikoni kwamba angepata yeye nusu ya uvumilivu ule, ndoa ingekuwa tamu zaidi.

Mtoto mmoja tu hakuwahi kusema sijaelewa kwenye baraza ile, na ni Gloire. Alimpenda baba yake kuliko wote, tangu mdogo alikaa miguuni pake akimpa chaki, na kila alipoelezwa jambo alitikisa kichwa, “Ndiyo, papa, nimeelewa,” kwa kuwa aliona jinsi uso wa baba yake unavyong’aa mtoto anapoelewa, na hakutaka yeye ndiye auzimishe. Baba naye aliona kichwa kinatikisika, akaamini, akaenda kwa wengine. Hivyo ndivyo mwalimu aliyejua mahali ambapo kila mtoto wa Nguba alikwama, hakujua kwamba wa kwake alikuwa amekwama tangu zamani.

Ikaja ile habari ya mwezi wa pili 2022, Gloire akiwa mwaka wa sita, wa mwisho wa sekondari. Shuleni kwao mwalimu alitoa interro, jaribio fupi la darasani, swali lilikuwa kutafuta x pale ambapo x mara x inakuwa sawa na tano mara x, Gloire akafuta x upande huu na upande ule, ikabaki tano, akaandika tano, akasahau kwamba hata sifuri ilikuwa jibu, na wenzake wa benchi, walipoona mtoto wa Mwalimu Ezéchiel ameandika, waliweka kalamu chini wakanakili, maana nani katika Bukavu angefikiri kwamba maji ya chemchemi ile ni machafu. Mwalimu wa shule alikuta karatasi tano zenye kosa moja hadi mkato wa mwisho, akawapa wote sifuri kwa kuibia, na mchana ule ule wanne kati yao walifika barazani wamekasirika, mmoja wao Laurette, mwenye mdomo mwepesi, akasema mbele ya wote, “Papa Mwalimu, utusamehe, lakini jibu ya nyumba yenu iko mbaya, tumeikula sisi wote na imetuumiza tumbo.”

Muzee alicheka, kisha akamwita Gloire aeleze, Gloire akasimama, akatazama ubao, akatikisa kichwa kwamba anaelewa, na alipoombwa aandike hakuweza. Hapo yule mtu ambaye hakuwahi kumgombeza mtoto wa jirani alipandisha sauti hadi watu wa ng’ambo ya barabara wakatoka kutazama, “Miaka yote uko hapa chini ya macho yangu, ulikuwa unaangalia nini?” Tangu siku ile Gloire hakutoka tena barazani, alisomea chumbani, akala jikoni na mama yake, na baba alipojaribu kumfundisha peke yake jioni, wote wawili waliinuka mezani na machozi, mmoja akiyaficha vizuri kuliko mwingine.

Mtihani wa taifa, huu tunaouita Exetat, ulifika, na siku matokeo yalipotoka mji mzima ulinuka poda, vijana wakamwagiana vichwani, wakaimba barabarani, na wale wa baraza, karibu wote wameshinda, walikuja kumshukuru mwalimu wao, wakammwagia poda hadi nyusi zikawa nyeupe. Gloire hakuwa na diploma. Alijifungia chumbani, na muzee aliwaacha wale watoto wanaimba, akaenda kusimama mbele ya mlango wa binti yake na poda yake yote kichwani, hakubisha, na Maman Francine alimkuta pale, akamwambia maneno ambayo ameruhusu yasomwe leo, “Weye batoto ya batu unabafundishaka polepole, huyu wako unamufundisha na woga, woga yako na woga yake. Acha. Mutafutie mwalimu mwingine.”

Sasa mwalimu mwingine, katika Nguba, alikuwa mmoja, Mwalimu Feruzi, aliyezaliwa Uvira katika nyumba ya wafanyabiashara ambao mababu zao walitoka pwani ya mashariki, na ninyi nyote mnajua kwamba hawa wawili walikuwa wakisemana kwa miaka mingi. Katika Exetat kila swali linakuja na majibu matano, moja tu ndilo la kweli, na Feruzi aliwafundisha watoto kuchukua kila jibu na kulirudisha ndani ya swali hadi waone linalokaa, marehemu akawa anasema kwamba yule hafundishi hesabu, anafundisha kujaribu viatu sokoni, na Feruzi akajibu kwamba Mushagalusa, anayetaka kila swali lichorwe ubaoni kabla ya kujibiwa, akianza kuchora mistari yake, mtihani utakuja, utapita, utamwacha bado anatafuta rula. Kwa mtu huyo ndiko muzee alikokwenda, mwezi wa kumi 2022, amevaa koti lake la misa, na Feruzi alipomwona mlangoni alimwambia, “Karibu, papa wa mistari mirefu, leo umepotea njia ama umekuja kununua viatu?”

Marehemu alijibu kwamba amekuja kuomba msaada wa hesabu. Feruzi aliacha kucheka, akamweka kiti, akasikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia jambo ambalo hakuna aliyelijua, kwamba mtoto wake Latifu alikuwa naye amefeli, na kwamba kila jioni anamgombeza hadi mama yake anafunga madirisha. “Ndugu yangu,” akasema, “unipe wako, nikupe wangu, na asiwepo wa kumusikiliza mwenzake mulangoni.” Ikawa hivyo, Gloire akaenda kwa Feruzi, Latifu akaja kwenye baraza, na wiki haikuisha kabla Feruzi hajapita kumwambia muzee kwamba binti yake ndiye anayeuliza kuliko wote, hasemi jambo lingine, sijaelewa, sijaelewa, hadi amechoka naye. Marehemu alifurahi sana, na usiku wa siku hiyo hakula.

Katika matokeo ya 2023 watoto wote wawili walishinda, Gloire na asilimia hamsini na saba, poda ikamwagwa katika nyumba mbili, lakini Gloire alikimbilia kwanza kwa Feruzi, ndipo akaja nyumbani, akamshika baba yake mkono, akamwambia aksanti, papa, kwa heshima, kama mtu anayesalimia mgeni wa parokia. Marehemu alimwambia mdogo wake siku ile, “Apollinaire, mutoto amepata diploma, miye mutoto bado sijamupata.”

Tarehe 6 Septemba 2023, akiwa ubaoni, chaki ilimtoka mkononi, akaanguka, akapelekwa hospitali, na madaktari walisema mshipa wa kichwa umepasuka. Alipona kiasi cha kutembea na kuzungumza, aliwajua watu wote kwa majina, lakini namba zilikuwa zimetoka, aliiona saa asijue inasema nini, na alipoulizwa kati ya saba na nne kubwa ni ipi, aligeuza uso ukutani. Wenzake walikuja kumfundisha, akawafukuza, Feruzi naye alikuja, wakashikana mikono bila hesabu yoyote, akaenda zake akipangusa macho. Daktari alisema afundishwe taratibu kama mtoto, kidogo kidogo kila siku, na Gloire, aliyekuwa ajiandikishe chuo kikuu, aliahirisha, akaleta maharagi ya jikoni, akaketi mbele ya baba yake.

Aliyatenga maharagi mafungu mawili, akaeleza, na muzee akatikisa kichwa, ndiyo, nimeelewa. Akaeleza jingine, akatikisa tena. Siku kadhaa zilipita hivyo, na mama yake alikuwa tayari akishukuru Mungu, lakini Gloire alikitambua kichwa kile, hakuna mtu duniani aliyekijua kuliko yeye, akayasogeza maharagi kando, akamshika baba yake mikono, akamwambia bila kupandisha sauti, “Papa, hata miye nilikuwaka natikisa vile.” Muzee aliyarudisha maharagi katikati yao. Kisha akasema, “Sijaelewa, Gloire. Rudilia.” Na Gloire akarudilia, siku ile, na kesho yake, na miezi iliyofuata, wakikosana, wakicheka, wakitupiana maharagi, na majirani waliokuwa wakipita asubuhi walisikia sauti ya muzee ikisema sijaelewa, kwa nguvu kabisa, bila haya, kama mtu anayedai haki yake. Alirudi kwenye kujumlisha, akafika kwenye kuzidisha, akaanza kugawanya, na hapo ndipo alipofikia, maana ugonjwa ulirudi, naye alitutoka alfajiri ya Ijumaa, tarehe 19 Aprili 2024, akiwa na miaka sitini na miwili, mkewe na watoto wake wote wanne wakiwa kando ya kitanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, walimu wenzake waliofundisha masomo yake bila kuombwa, majirani walioleta kuni, maji na unga tangu Ijumaa, wanakwaya, jamaa wa Nyantende, na kwa namna ya pekee Mwalimu Feruzi na nyumba yake, waliokaa nasi katika kilio kama wenye kufiwa, na kweli ndivyo walivyo.

Tena, kwa kuwa wanafunzi wa mwaka wa sita wamekuwa wakinong’ona tangu asubuhi wasijue wamuulize nani, jibu la familia ni hili, kilio kinaisha Jumatano, na Alhamisi mchana Gloire na Latifu watakaa barazani pamoja nanyi hadi siku ya Exetat. Gloire ameomba lisomwe neno lake moja, kwamba mje na makosa yenu yote, na asiyeelewa asitikise kichwa.

Kaka, Mwalimu, papa wa wengi, lala sasa na amani ya Bwana, wanaobaki wataulizana.