Masufuria Kumi na Moja ya Evodius

Mheshimiwa Diwani wetu, ambaye Kiswahili hakijui lakini anatabasamu mahali panapostahili, Ndugu Mwenyekiti Noel, ambaye afya yake imerejea, tunamshukuru Mungu, Makamu Mwenyekiti Mama Pramila, wazee wetu, ndugu wageni waalikwa wa hapa Thamesmead, London, wa Woolwich na hata wa Edmonton, mliobadilisha treni na mabasi ili mje kumuaga mtu, na wewe, Ndugu Evodius, uliyekalishwa meza ya mbele kwa mara ya kwanza baada ya kutupikia miaka kumi na tisa: nawasalimu nyote.

Mimi ni Adelina. Wengi mnanijua kama mama Elinaja, wachache mnajua kwamba kazi yangu ni maabara, nasoma vinasaba vya virusi. Kamati ya jumuiya yetu imenipa dakika tano niseme neno la shukrani, niwe mchangamfu, na "yale ya kiangazi" nisiyaguse. Nitajitahidi kuwa mchangamfu.

Nani kati yetu aliyeoa, aliyeozesha au aliyefiwa hapa bila kula chakula cha Evodius? Na wangapi kati yetu waliwahi kwenda nyuma ya ukumbi baada ya shughuli, sisi tukiwa tunapiga picha, wakamkuta na steelwire yake, akisugua masufuria makubwa kumi na moja na kuyafudikiza moja moja juu ya zege? Nilimuuliza siku moja kwa nini hayaachi tu yakauke. Akasema, "Mama Elinaja, nikiacha sufuria wazi usiku, marehemu mama atanitokea anichape."

Mwezi wa tano akarudi kutoka Bukoba na senene, wale panzi wetu wa kukaanga. Tulizila zote, mimi sahani mbili. Mwezi wa sita ikatangazwa kwamba kwenye madimbwi ya karibu na hapa wamenaswa mbu wenye kirusi. Mbu, hapa? Sisi tuliowaachia shangazi zetu vyandarua siku tulipopanda ndege, tuliamini kwamba mbu naye huomba viza na kunyimwa. Basi kama mbu kaingia, lazima yuko aliyemleta. Na nani alikuwa ametoka Bukoba majuzi? Sisi maabara tungehitaji mashine na wiki nzima. Kamati, kwenye grupu la WhatsApp, ilimaliza uchunguzi kwa dakika kumi na mbili.

Evodius akaandikiwa barua ya kupumzishwa jikoni, kwa usalama wake mwenyewe, until further notice. Akaenda kwa GP, daktari wa mtaa, akapimwa, damu safi. Karatasi akaileta. Kamati ikaipokea kwa shukrani na kuiweka kwenye faili, nayo imo humo mpaka leo, imetunzwa vizuri sana.

Kwenye uchumba wa binti yake Ndugu Zulfikar, Evodius alikuja kama mgeni, na sinia la pilau mkononi. Pilau haikuguswa. Aliponyoosha mkono kusalimia, kila mtu akakumbuka kuwa ana simu ya kujibu. Na mimi nilikuwepo, ndugu zangu. Mimi ninayejua kwamba kirusi kile hakipiti kwenye mkono wala kwenye wali, nilimpungia kwa mbali, mkoba nimeukumbatia kifuani. Mwanangu akauliza kwa sauti, "Mum, it's the mosquito that bites you, innit? Not Uncle Evodius." Nikamwambia nyamaza. Naionea aibu siku ile, na leo naisema mbele yenu.

Mwezi wa nane Mwenyekiti akapata homa. Sivujishi siri ya mgonjwa. Alijitangaza mwenyewe kwenye grupu, na picha ya dripu. Sampuli ikaja kwetu maabara bila jina, pamoja na mbu waliotegwa mtaani. Tukasoma: kirusi cha mgonjwa na cha mbu wale ni kimoja.

Kusoma kwenyewe ni hivi. Kirusi kinapozaliana hukosea kidogo, na kosa hurithiwa. Mama mmoja akisahau bizari kwenye pilau, wote aliowafundisha wataipika hivyo hivyo, na ukionja tu unajua imetoka jiko gani. Tulikionja kirusi kile. Jamaa zake hawako Bukoba, hata wa mbali. Wako kwenye ndege waliookotwa wamekufa kwenye bustani za nchi hii mwaka jana, na kabla ya hapo ng'ambo, kwa majirani zetu wa Ulaya. Kimekaa hapa baridi nzima bila hita. Kwa ufupi ni mkazi, na wapo humu ndani ambao karatasi zao za ukazi bado zinasubiriwa.

Na mbu waliokibeba? Watu wa afya walifuata maji mpaka nyuma ya ukumbi huu. Wakakuta masufuria kumi na moja yametazama mbingu, yamejaa mvua tangu mwezi wa sita, viluwiluwi wanacheza ngoma. Aliyekuwa akiyafudikiza tulikuwa tumempumzisha. Haya yamo kwenye barua ambayo kamati ilitumiwa. Mwenyekiti wangu, nakuheshimu: wewe hukuumwa na mbu wa Evodius. Uliumwa na mbu wa kamati.

Mtanisahihisha nikikosea, lakini baada ya barua ile iliundwa kamati ndogo ya masufuria. Imekaa mara nne. Ina katibu. Maji yalimwagwa na watu wa afya, masufuria hayakufudikizwa. Na Evodius, aliyesubiri neno moja kutoka kwetu tangu mwezi wa nane, hakulipata, ndiyo maana anahamia Edmonton kwa binti yake, nasi tunampa saa ya ukutani.

Leo asubuhi niliwahi kufika, nimevaa viatu vya chini, nikayafudikize mwenyewe. Nikakuta yote kumi na moja yameshalala kifudifudi, kwa mstari. Nikamuuliza Séraphin, mlinzi wa ukumbi, nani kafanya. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kongo, ambamo papa ni baba na kostime ni suti: "Ni ule papa wa kupika. Alikuja asubuyi na mapema, na kostime yake ya sherehe. Alisema hawezi kwenda akiacha watu yake na mbu."

Watu yake. Ndio sisi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, saa ya ukutani isubiri kidogo. Evodius, kaka yangu, nisamehe. Nilijua, nikanyamaza. Kama utaondoka, usiondoke hujashikwa mkono na kila aliyemo humu. Naweka karatasi chini, nakuja hapo ulipo, mimi wa kwanza.

Ndugu zangu, kwa masikio yenu nawashukuru sana. Sasa naomba mikono yenu.