Mama Kitako na Makopo ya Mtaa Mzima

Ko. Hivyo ndivyo asubuhi ilivyoanza nyumbani kwake: kopo limepinduliwa mezani, naye anazisoma namba za kitakoni kwa miwani iliyofungwa uzi. Ndiyo maana mtaa ulimwita Mama Kitako.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kifungua mimba wa seremala na mshona nguo. Alisoma hadi darasa la nane, kisha akaajiriwa kupokea mizigo kwenye ghala la vyakula. Huko ndiko alikojifunza kufuatilia matangazo ya vyakula vinavyoondolewa sokoni.

Mwaka 1976 alimzuia muuza duka mmoja kuuza samaki wa kopo waliotangazwa kuwa wabovu. Walibishana wiki nzima, hata muuza duka akasema afadhali amwoe, wagombane nyumbani, wateja wapate kuhudumiwa. Walifunga ndoa Desemba ile. Hawakuacha kubishana, wala kucheka.

Aliwahi kuteleza. Alisikia redioni tangazo la siagi ya karanga iliyoharibika, asingoje mwisho wake, akawahimiza majirani waitupe. Kumbe lilihusu miji mingine, si wetu. Mdogo wake, aliyetupa mikebe mizima mizima, alimnunia. Tangu hapo marehemu hakutamka neno kabla ya kupiga simu ofisi ya usalama wa chakula na kuuliza, "Na kwetu je?"

Mwaka 1989 yalitangazwa kuwa mabovu maziwa ya unga ya watoto wachanga. Alipiga simu. Safari hii mji wetu ulitajwa, na namba zilikuwa zile zile za kopo la mdogo wake, aliyekuwa na kichanga cha miezi miwili.

"Dada, karanga zangu hazijarudi," mdogo mtu alimwambia, akafunga mlango.

Marehemu alikaa kizingitini, kopo jipya mapajani, akimbembeleza na kumtania hadi kicheko kikasikika ndani na komeo likafunguka. Kichanga kile ndicho kinachowasomea maneno haya.

Alianza kuugua moyo mwaka 2023, akatutoka kwa utulivu tarehe 2 Juni 2024. Ameacha mume, mdogo wake, watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja, nasi sote tunamwombea pumziko jema.

Jioni yake ya mwisho tulimpelekea maziwa ya kopo wodini. Mama mkubwa alilipindua kopo, akalitazama weee, kisha akamrudishia mdogo wake.

"Kunyweni," akanong'ona. "Kwetu ni salama."