Lango la Kaskazini la Harsum

Ijumaa, saa saba na nusu mchana, Sikander Virani, mpima ardhi mstaafu wa miaka themanini na minne, aliomba kitanda chake kiinuliwe ili awaone wanawe wawili. Walikuwa nyumbani kwake ughaibuni, ghorofa ya kumi na moja, mtaa wa Rexdale. Juu ya blanketi palikuwa na barua kutoka Harsum, mji wa magofu jangwani alikofanya kazi ujanani: lango la kaskazini litajengwa upya kwa kufuata ramani yake, na mitambo itaanza kuchimba Jumatatu.

“Sikilizeni wanangu, na wewe Amyn usitazame saa, ghala unakofanya kazi halitakimbia. Nyumba hii mtagawana, sina neno nayo. Ninachowaachia kizito ni uongo wangu. Mwaka 1971 tuliipima Harsum miezi minne, ukuta kwa ukuta, na sheria yetu ilikuwa moja: ulichopima unakichora kwa mstari mzima, ulichokisia kwa nukta. Wiki ya mwisho upepo ukafukia upande wa kaskazini, mkuu wetu akataka ramani kamili, nami nikachora lango ambalo kamba yangu haikuligusa, nikalichora kwa mstari mzima. Mwenzangu Yusufali akaniambia, ‘Weka nukta, Sikander, usitutie aibu.’ Nikamtukana mbele ya vibarua, na hatujasalimiana tena, ingawa anakaa mtaa wa Downsview, hapo tu.

“Pale nilipochora lango, chini ya mchanga kuna nyumba ya kale. Niliona vichwa vya kuta zake kabla ya upepo, matofali mabichi, lipu bado ina rangi. Kwingine tulikofukua tukaacha wazi, mvua chache ziliyeyusha vyumba vizima; hizi zimelindwa na mchanga peke yake. Wakizamisha nguzo za lango pale, kuta hizo zimekwisha.”

“Lakini Baba,” Zahira alisema, “jina lako liko kwenye kibao cha makumbusho yao.”

“Waking’oe.”

“Baba za wenzetu huungama wake wa siri,” Amyn alisema. “Wetu ana lango.”

Sikander alicheka, kikohozi kikamkata.

“Andika, Zahira… andika kwamba lango lile sikulipima. Tuma kila ofisi. Daftari la vipimo liko kabatini chini ya shuka, ukurasa wa kaskazini ni mtupu, upigeni picha wauone. Kisha mpigieni Yusufali… mwambieni alisema kweli. Nimewaridhia, wanangu, nyote wawili… Mungu awafungulie… Umetuma? Nisomee… tena…”

Barua ilitumwa saa tisa na dakika kumi alasiri. Yusufali alifika jioni, akaketi naye. Sikander alifariki Jumapili alfajiri. Jumatatu, saa mbili asubuhi kwa saa za Harsum, ofisi ya magofu ilikuwa haijajibu, na mitambo ilianza kuchimba.