Mali ya Adui Ilipata Mtunzaji

Maneno ya Mama Tabea Ngailo siku ya kufunguliwa kwa shule ya kati, kando ya barabara ya Makambako kwenda Njombe, Juni 1955

Mheshimiwa Bwana DC wa Njombe, Mtwa, chifu wetu, pamoja na majumbe wako, Bwana Meneja wa kampuni ya miwati, Baba Mchungaji, na wewe Padri uliyetoka misheni kuja kufurahi nasi ingawa shule hii si ya kwenu, walimu, wazazi wenzangu mliotembea na baridi hii, nanyi watoto mliokaa kwenye majani mabichi: nawasalimu wote. Kina mama wa Kibena mlio kule nyuma, kamwene.

Kamati ya wazazi imenisimamisha hapa ili nitoe shukrani. Mwalimu mkuu aliponiletea habari hiyo nilimwambia, "Mwalimu, mtafute mwingine, mimi nikianza kushukuru sitamaliza mapema." Akacheka. Akaniambia, "Mama Tabea, sema machache tu. Sema kampuni imetupa zawadi ya kiwanja, serikali imejenga, nasi tumefurahi."

Basi, tumefurahi. Nani asiyefurahi? Madirisha yana vioo, bati halivuji, na watoto wetu hawatapanga tena vyumba Njombe mjini ili wasome darasa la tano. Kwa hayo nashukuru kwa moyo wangu wote. Lakini katika yale maneno niliyofundishwa, liko moja lililonikwama kooni, nalo ni hilo neno zawadi. Bwana karani Agustino, wewe unayewatafsiria wakubwa, nitakwenda polepole usije ukapitwa. Nawe usinipunguzie.

Mnaona lile darasa la mwisho, upande wa kijito? Pale ilikuwa nyumba ya baba mkwe wangu, Mzee Ngailo. Niliingia katika nyumba ile nikiwa bibi arusi wa mwanawe, Enoki. Mzee alizaliwa pale, akazaa pale, akazika watoto wake watatu pale, kabla hajaja Mzungu yeyote kupima shamba.

Vita vya kwanza vilipokwisha, na Wajerumani walipokubaliwa kurudi katika nchi hii, alikuja Bwana Lenke akitafuta mahali pa kupanda miwati, miti hii ya magome ya kutengenezea ngozi. Mzee alimzungusha mpakani yeye mwenyewe. Mzee hakujua Kiswahili, Bwana Lenke hakujua Kibena, kwa hiyo Enoki, aliyekuwa anasoma shule ya misheni, ndiye aliyewafasiria. Mzee alisema, "Mwambie alime huku juu. Huku kijitoni ni kwa watoto wangu. Siku akiondoka, ardhi inarudi kwa wenyewe." Enoki akafasiri. Bwana Lenke akampa Mzee mkono, akasema, "Ndivyo." Watu walioyasikia maneno yale walikuwa watatu tu.

Sitaki kumsema vibaya mtu asiyekuwapo. Bwana Lenke alikuwa na hasira, na mbwa wake walikuwa wakali kumzidi yeye. Lakini mama mkwe wangu alipougua, alimpakia katika gari lake mpaka hospitali, na kila mwaka alimletea Mzee chumvi na blanketi. Tuliishi. Kitu ambacho hatukukijua ni kwamba serikali ilikuwa imempa shamba lote, la juu na la chini, mpaka majini. Je, alimficha Mzee kwa makusudi, au naye aliona mkono aliompa unatosha? Mimi sijui mpaka leo.

Vikaja vita vya pili. Bwana Lenke alichukuliwa akiwa na sanduku moja, kwa kuwa alikuwa Mjerumani na Wajerumani wote walikuwa adui. Kisha wakaja watu wa serikali wakahesabu viti vyake, majembe yake, kuku wake, hata sufuria. Mzee akauliza, "Vitu hivi sasa ni vya nani?" Akajibiwa, "Ni mali ya adui. Iko sheria, na kwa sheria hiyo amewekwa mtunzaji wa mali ya adui, kisipotee hata kijiko."

Majira yale yale wakapita watu wa kuandikisha vijana, na mume wangu akaingia Keya, jeshi la Mwingereza. Akapelekwa Uhabeshi kupigana na Waitaliano, waliokuwa upande wa Wajerumani. Wazazi wenzangu, litazameni jambo hili vizuri, kwa sababu mimi nimelitazama miaka mingi na bado silielewi. Adui alipoondoka nyumbani kwake, viti vyake vilipata mtunzaji. Mume wangu alipoondoka nyumbani kwake kwenda kupigana na adui huyo, mtunzaji wa nyumba yake alikuwa nani? Na shamba la baba yake, lililokuwa ndani ya hiyo mali ya adui, lilitunzwa kwa ajili ya nani?

Mtunzaji alilikodisha shamba kwa Mzungu mwingine. Vita vilitaka pareto ya kuulia mbu, na pareto ilitaka nafasi. Mnyapara akatujia, akatuambia tukishavuna mahindi tuhame, kwa kuwa sisi ni vibarua wa Mjerumani na Mjerumani hayupo. Mzee alicheka. Alidhani yule mtu hajaelezwa vizuri. Akafunga safari mpaka bomani Njombe, akaeleza habari ya mpaka na ya kupeana mkono. Bwana DC wa wakati ule alimsikiliza, akamwambia, "Mzee, neno la mwenye shauri peke yake halitoshi. Lete shahidi, nitaweka baraza."

Shahidi alikuwa mmoja tu duniani, naye alikuwa jeshini.

Kasimiri, simama watu wakuone. Usione haya, simama. Huyu ni mtu wa misheni ya Padri, alikuwa Keya kikosi kimoja na mume wangu. Alikuja likizo, akatukuta katika hali hiyo, na aliporudi kambini alimweleza Enoki yote. Enoki akaenda kwa afisa wake kuomba ruhusa. Akaambiwa, "Hakuna likizo, tunapanda meli." Akaomba tena, akaambiwa akiomba mara nyingine atafungwa. Hakuomba tena. Asubuhi iliyofuata kitanda chake kilikuwa kitupu.

Mimi nilikuwa nachuma pareto katika shamba lile lile, ukungu umetanda, nikaona mtu anapanda kutoka barabarani amevaa nguo za jeshi. Alikuwa amepewa nafasi katika lori mpaka Makambako, kisha akatembea. Nilimjua kwa mabega. Nikalitupa tenga, nikakimbia, na nilipomfikia nikamwuliza, "Umepewa likizo?"

Aligeuka akatazama barabara. Nikamwuliza tena.

Akasema, "Tabea, nimekuja kusema nilichokisikia. Nikishasema, watanichukua."

Jirani yetu Konsolata, yule pale mwenye shuka ya bluu, alimsihi sana. Alimwambia, "Shemeji, nenda Kitulo kwa wachunga kondoo. Nani atakutafuta kwenye nyasi zile? Vita vikiisha utarudi." Enoki akamjibu, "Nikikaa Kitulo nitapona mimi, na shamba litakwenda. Sasa nilitoroka kwa ajili ya nini?"

Na wote tulijua sheria ya utoro. Jumbe alikuwa ameitangaza sokoni: mtoro wa jeshi hufungwa, na anayemlaza au kumlisha mtoro naye hufungwa. Nilisimama jikoni na unga mkononi nikaogopa. Naogopa kusema hivyo mbele ya watu, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilimwogopa mume wangu kama mtu anayeleta moto ndani ya nyumba ya nyasi. Mzee ndiye aliyesema, "Mwanamke, songa ugali. Mtoto ametoka safari."

Siku chache zile, mpaka siku ya baraza, ndizo siku zangu.

Siku ya baraza tulikwenda Njombe watu watatu. Enoki alikuwa amefua zile nguo za jeshi, akazivaa. Alipoitwa shahidi, alisimama, akapiga saluti. Bwana DC akamtazama.

"Wewe ni nani?"

"Enoki Ngailo, bwana. Askari wa Keya."

"Kikosi chako kiko wapi?"

"Kiko njiani kwenda vitani, bwana."

"Na wewe?"

"Niko hapa, bwana. Nisikilize kwanza, kisha nifunge."

Polisi walisogea. Bwana DC akawazuia kwa mkono, na kwa jambo hilo ninamheshimu. Enoki akasema yote: maneno ya baba yake kwa Kibena, jinsi alivyoyafasiri, na lile "Ndivyo" la Bwana Lenke. Hakuongeza wala kupunguza. 

Kisha Bwana DC akasema, "Ninakuamini."

Mzee alinishika mkono. Alidhani imekwisha.

Lakini Bwana DC akaendelea. Akasema, "Ninakuamini, lakini shamba lile liliandikwa kwa jina la Mjerumani, na mali yote ya adui imo mikononi mwa mtunzaji. Mimi sina nguvu ya kuigusa mpaka vita viishe, hata nikiletewa mashahidi mia." Enoki akauliza, "Bwana, kama ni hivyo, kwa nini ulimwambia baba yangu alete shahidi?"  Bwana DC alitazama meza. Nadhani sheria ile ilikuwa mpya kwake pia, na aliisoma vizuri baada ya kumwita Mzee. Mtu alikosea kidogo tu, kwa nia njema.

Akauliza, "Nani alimlisha mtu huyu?"

Mzee na mimi tulisimama pamoja. Mzee akanisukuma nikae, akasema kwa Kibena, kwa sauti ya kunikemea, "Nyumba ni yangu. Ugali ni wangu. Huyu ni mke tu." Hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku ile wala baada yake. Wakamchukua yeye.

Enoki walimfunga pingu kwa mbele. Aliponipita alisema, "Usilie hapa." Basi sikulia pale.

Mzee alitoka gerezani baada ya kuhama kwetu. Mimi nilikuwa nimevunja nyumba kwa mikono yangu, kwa kuwa niliambiwa nisipoivunja itachomwa, na Konsolata, aliyekwisha kuhamia Makambako, alikuwa ametupokea kwake, katika chumba alimoweka mahindi. Konsolata, sina neno la kukulipa. Mzee alikaa pale kitako, akitazama njia ya kurudi huku, na mwaka wa pili akafa.

Habari ya Enoki ilikuja mapema kuliko kifo cha baba yake. Tarishi wa boma alikuja, akasimama nje, akasema mume wangu alipewa kifungo cha kazi ngumu na amekufa gerezani kwa kichomi. Nikamwuliza, gereza gani? Akasema hakuambiwa. Kisha akaomba maji ya kunywa, nikampa.

Kasimiri alikwenda Burma, akarudi na medali. Kabla hajafika kwa mama yake alipita kwangu. Akaniambia, "Shemeji, laiti nisingemwambia." Kasimiri, leo nakujibu mbele ya watu, kwa sababu siku ile sikuweza. Ulimwambia ukweli wa nyumba yake. Usiulaumu tena mdomo wako.

Vita vilipoisha, mtunzaji aliiuza mali ya adui. Kampuni ikanunua kwa haki yake, ikapanda miwati, na sasa imeikata kona hii ya kijitoni na kuitoa. Bwana Meneja, wewe hukutunyang'anya kitu, ulikuta kimeshauzwa. Nakushukuru, kwa kuwa ungeweza kutoitoa. Lakini nisamehe, siwezi kuiita zawadi, kwa sababu hapo chini ya miguu yako wamezikwa shemeji zangu watatu.

Na wewe, Bwana DC wetu wa leo, wakati ule hukuwapo. Nimesikia watu wakisema una huruma, na nimeiona barabara uliyotutengenezea. Sikuombi pensheni. Najua mtoro hana pensheni, na najua jina lake halitachongwa penye majina ya waliokufa vitani. Sikuombi useme kwamba hakutoroka; alitoroka, nilimwona kwa macho yangu akija. Naomba kitu kimoja. Uliza, huko wanakojua, Enoki Ngailo amezikwa wapi. Hata kama ni nyuma ya gereza, hata kama hapana alama. Serikali iliyojua idadi ya sufuria za Bwana Lenke haiwezi kukosa kujua mahali ilipomweka mtu. Ukipata jibu, usinitumie tarishi. Niite mimi.

Bwana Agustino, hilo umelitafsiri? Litafsiri tena.

Sasa watoto wanatetemeka, na mimi nimewachosha. Baba Mchungaji, walimu, wazee, na kina mama wenzangu mliofuta machozi mkidhani sioni, asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho.

Katika watoto wa darasa la tano yuko binti mmoja anaitwa Emilia. Alizaliwa mwaka ule, baada ya baraza, wala baba yake hakupata habari kwamba yupo. Mwalimu mkuu, nakuomba ufungue mlango. Emilia, mwanangu, usinitazame mimi. Ingia.