Sabini na Mbili Kila Siku

Sista: Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Mhudumu: Shikamoo, Sista. Ni mimi, mhudumu wa wodi ya wanaume. Yule wa kupiga deki.

Sista: Marahaba. Kumbe ndiye wewe uliyepiga mara tatu? Mdogo wangu, leo nimepumzika. Niko saluni, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama fagio la—

Mhudumu: Samahani, Sista. Ni babu wa kitanda cha nne. Yule fundi cherehani.

Sista: Amefariki?

Mhudumu: Hapana. Bado.

Sista: Bado ndiyo nini?

Mhudumu: Anatapika tangu alfajiri. Na mashuka anayaona ya njano. Nimembadilishia mara mbili, meupe pee, bado ananigombeza, eti nimeyafulia nini. Sista, mtu aliyeshona nguo miaka arobaini hawezi kukosea rangi ya kitambaa.

Sista: Mwambie nesi wa zamu.

Mhudumu: Yule mgeni? Nimemwambia. Kaniambia nikasugue choo.

Sista: Hajakosea. Wewe na wagonjwa wapi na wapi?

Mhudumu: Wapi na wapi, kweli. Ila anagawa dawa za saa nne, toroli liko kitanda cha kwanza. Na kwenye kikombe cha babu nimeona kile kidonge kidogo cheupe cha moyo.

Sista: Digoksini. Si ndiyo dawa yake?

Mhudumu: Ndiyo hiyo uliyowafundisha wanafunzi mwezi jana, mimi nikifuta madirisha. Ulisema kabla ya kumpa mtu, shika mkono, hesabu mapigo dakika nzima. Yakiwa chini ya sitini usimpe, ita daktari. Na mtu akitapika, akianza kuona njano—

Sista: Najua nilichosema.

Mhudumu: —basi dawa imemjaa mwilini.

Sista: Mapigo yake yako kwenye chati. Nimeandika kwa mkono wangu.

Mhudumu: Nimeiona chati. Jumatatu sabini na mbili. Jumanne sabini na mbili. Jana sabini na mbili.

Sista: Kwani moyo ukitulia kuna ubaya ga— haloo? Unakatika.

Mhudumu: Mimi nakusikia vizuri.

Sista: Unataka kusema nini?

Mhudumu: Sisemi kitu. Mimi nikipiga deki naona miguu ya watu tu. Anayehesabu mapigo husimama, Sista. Viatu vyako kwa babu havikusimama.

(mashine ya kukaushia nywele inavuma)

Sista: Dada, niachie kichwa, natoka nje kidogo. Ndiyo, hivi hivi... Haya. Sasa nisikilize wewe. Unajua maana ya wagonjwa thelathini na wawili, nesi mmoja?

Mhudumu: Najua, nilikuwepo. Sikupiga kukulaumu.

Sista: Basi huyo wa leo atahesabu mwenyewe.

Mhudumu: Ya leo ameshaandika.

Sista: Ngapi?

Mhudumu: Sabini na mbili.

Sista: Amemshika mkono?

Mhudumu: Hajamgusa. Kafunua chati, kaangalia ya jana. Toroli limefika kitanda cha pili.

Sista: Kata, nitakupigia—

Mhudumu: Sikati. Nikikata hutapokea tena.

Sista: ...Uko karibu na mzee?

Mhudumu: Nimesimama hapa na ndoo yangu.

Sista: Weka ndoo chini. Kausha mikono. Geuza kiganja chake juu. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, bonyeza kidogo kwa vidole vyako viwili. Gumba lako usilitumie, lina mapigo yake, litakudanganya.

Mhudumu: Babu, naomba mkono... Anasema kama namchukulia vipimo vya shati, nianzie mabegani.

Sista: Umeyapata?

Mhudumu: Bado... Bado... Hapa. Yako mbali.

Sista: Saa ninayo mimi. Hesabu kimoyomoyo. Ukipoteza hesabu sema, tutaanza upya. Usibuni... Anza.

(kimya kirefu, magurudumu yanalia, mtu anakohoa)

Mhudumu: Sista, moja limeruka—

Sista: Usiongee. Endelea.

(kimya)

Sista: Basi. Ngapi?

Mhudumu: Arobaini na moja.

Sista: Una hakika?

Mhudumu: Nimehesabu yale niliyoyasikia tu. Sista, toroli limefika. Ananiuliza nafanya nini na mkono wa mgonjwa wake.

Sista: Mpe simu.

Mhudumu: Hataki. Anasema yuko kazini.

Sista: Weka spika.

Mhudumu: Wodi nzima itasikia.

Sista: Weka.

(mkwaruzo)

Sista: Mdogo wangu, ni mimi. Hicho kidonge usimpe.

Nesi wa zamu: Shikamoo, Sista. Lakini chati inaonyesha—

Sista: Chati ni uongo wangu. Siku zote tatu sikumshika mkono.

(chati inafunuliwa)

Sista: Na ya leo?

Nesi wa zamu: Nilikuwa... nilikuwa nimepanga kuhesabu nikimaliza kugawa.

Sista: Haya. Usiifute. Ikate kwa mstari mmoja, andika arobaini na moja, yanaruka. Mwite daktari sasa hivi. Mwambie anatapika, anaona njano, na dawa hajakosa hata siku moja.

Nesi wa zamu: Akiuliza nani kahesabu?

Sista: Mwambie anayepiga deki.

Nesi wa zamu: Na hizi za nyuma, akiuliza—

Sista: Sahihi yangu ipo hapo. Mwambie nakuja, ataniuliza mwenyewe. Kimbia.

(hatua za haraka)

Mhudumu: Na kichwa je, Sista?

Sista: Nitafunga kitambaa. Wewe usiuachie huo mkono mpaka daktari afike.

Mhudumu: Sijauachia.