Marlys Ostby, Tarishi Aliyeomba Ngazi Badala ya Bahasha

Marlys Jean Ostby alizaliwa tarehe 9 Februari 1954 mjini Two Harbors, Minnesota, mtoto wa pili wa Einar na Verna Lund. Siku hiyo theluji ilifunga barabara, na mkunga alifika kwa miguu, nguo zimelowa hadi magotini. Verna alizoea kusema kwamba binti yake alijua tangu siku ya kwanza kuwa mtu wa maana hufika tu.

Alisoma hapohapo mjini, akamaliza sekondari Juni 1972. Mwalimu alipomuuliza mbona anaongea hivyo darasani, alijibu, "Nikinyamaza, Mwalimu, nani atakujibu?" Alifagia darasa wiki nzima, na hakujuta.

Tarehe 19 Juni 1976 alifunga ndoa na Dale Ostby, fundi wa kuchomelea vyuma. Walijaliwa Kirsten na Todd.

Septemba 1979 aliajiriwa posta ya Duluth, akapewa kupeleka barua katika mitaa ya mlimani ambayo wanaume waliikimbia. Wenzake walimpa mwezi mmoja. Alikaa miaka thelathini na mitano, na wale waliomcheka walistaafu mapema kwa maumivu ya mgongo.

Desemba 1982 Dale alikuwa ameachishwa kazi, na nyumba nzima ilitegemea mshahara wa Marlys. Krismasi ilipokaribia, Mzee Arvid Nummela wa mitaa hiyo, mgane aliyekuwa baharia wa meli za ziwani, alimnyooshea bahasha yenye noti.

"Sheria hairuhusu, Mzee. Biskuti nitapokea, glavu nitapokea. Pesa hapana."

"Kwani pesa yangu inanuka?"

"Hainuki. Ila nikiichukua nitafukuzwa, na nyumbani tayari nina mmoja aliyefukuzwa."

Mzee akabamiza mlango. Jioni Dale aliposikia alisema, "Mama Kirsten, si ungechukua tu? Nani angejua?"

"Mimi ningejua," alisema Marlys, akaenda kufua nguo ambazo tayari zilikuwa safi. Aliitamani bahasha ile. Viatu vya Todd vilikuwa vimetoboka, na yeye ndiye aliyevifunga kamba kila asubuhi.

Mzee Nummela naye alinuna kwelikweli. Hakumsalimu tena, na ngazi za kupandia mlangoni kwake hakuzizoa tena, theluji ikagandia juu ya theluji. Katikati ya Januari Marlys aliteleza hapo akavunjika mkono. Aliporudi kazini, mzee alikuwa mlangoni, hana hata kofia.

"Sasa nikupe nini, wewe mwanamke usiyepokea kitu?"

"Nipe ngazi, Mzee. Zizoe theluji kabla sijafika. Zawadi hiyo haina sheria ya kuikataa."

Kesho yake alizikuta zimezolewa mpaka saruji inaonekana. Mzee hakuishia kwake. Alisimama barabarani na koleo lake, akiwapigia majirani kelele: "Mnamwokea biskuti halafu mnamvunja shingo? Tokeni nje!" Wakatoka. Tangu hapo, mtaa ule ulimpa Marlys zawadi ya Krismasi kila theluji ilipoanguka, hadi Aprili. Biskuti za tangawizi ziliendelea pia, na hizo hakuzilalamikia. Mzee alipofariki mwaka 1997, koleo lake aliachiwa Marlys. Wakati huo lilikuwa limeisha makali kabisa na halina bei tena, kwa hiyo alilipokea bila kuogopa sheria.

Alistaafu mwaka 2014. Agosti 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa hapa Duluth, akiwaelekeza wauguzi namna ya kutembea kwenye barafu. Alifariki nyumbani usiku wa tarehe 11 Desemba mwaka huohuo, Dale akiwa amemshika mkono.

Theluji ilianguka usiku uleule. Asubuhi waliokuja kuuchukua mwili walikuwa na wasiwasi na ngazi za nyumba hiyo, maana ni ndefu na Dale magoti yake hayafai. Walizikuta zimezolewa mpaka saruji inaonekana, na njia hadi barabarani vilevile. Watu wa mlimani, wale aliowapelekea barua miaka yote, walikuwa wamesimama kando, makoleo mikononi. Hakuna aliyekuwa amewaita. Marlys alishushwa na hakuna aliyeteleza.

Ameacha mume wake Dale, watoto wake Kirsten na Todd, wajukuu wanne, dada yake Bernice, na mtaa mzima wenye ngazi safi.

Apumzike kwa amani, miguu yake ikiwa mikavu.