Karatasi ya Jumamosi

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, linatazamana na kibanda cha fundi saa, na pembeni yake nakaa mimi na birika langu la kahawa. Zamani tulikuwa watano. Wa tano alikuwa Wakili, ambaye wiki tatu zilizopita alipanda mlima peke yake siku ya Jumamosi, na wachoma mkaa wakamkuta Jumapili asubuhi ameshakata roho. Leo binti yake mkubwa, anayesomea sheria mwaka wa tatu, ametuma ujumbe kwamba saa nne atakuja kutuona. Hakusema anataka nini, lakini tunajua. Kila Jumamosi kabla ya kupanda, Wakili alituachia karatasi yenye njia atakayopita na saa atakayorudi, maana kule juu simu haishiki. Asipoonekana, tuite watu. Jumamosi ile karatasi aliiacha, na hakuna aliyeita mtu. Sasa ni saa tatu na nusu, na kahawa hainyweki.

Spika: Tukubaliane kabla hajafika. Tuwe na kauli moja.

(Huyu ni mstaafu. Tunamwita Spika kwa sababu hata akikuomba kiberiti utadhani anafungua kikao cha bunge.)

Fundi Saa: Kauli ya nini? Kwani sisi washtakiwa?

Spika: Nani kataja mashtaka? Mimi nasema nyoka. Wakili aliumwa na nyoka, basi.

Makasi: Daktari kasema mguu ulivunjika, Spika.

Spika: Ukiumwa na nyoka si utaruka? Ukiruka kwenye mawe si utavunjika?

Makasi, kinyozi wetu, alikuwa na mteja kitini mwenye povu nusu ya kichwa, lakini alitoka na wembe mkononi kuja kubishana.

Makasi: Mimi nasema alisukumwa. Mmeisahau kesi ya kiwanja cha wale wajane? Wale jamaa aliowashinda walitoka mahakamani wamevimba kama maandazi.

Mimi: Kesi ya miaka tisa iliyopita?

Makasi: Kinyongo kina tarehe ya kuisha?

Fundi Saa: Mkubwa wao yule, ngazi za mahakama tu alizipanda kwa vituo viwili. Mlima ataupandaje?

Tulicheka kidogo, kisha kila mmoja akaichungulia barabara.

Mtu mwenyewe hakuwa wa kufa hivyo. Saa kumi jioni alifunga ofisi, hata mteja awe anamlilia mlangoni, akawafuata watoto shuleni. Walimtaka awe jaji mji mwingine, akakataa. Alituambia hawezi kuwaondoa wanawe kwenye mlima wanaoujua kila njia. Alikuwa anasimama mahakamani na suti safi, lakini pindo la suruali limeng'ang'aniwa na mbegu za nyasi. Kila Jumamosi alipanda na mke na watoto, mdogo kabisa mabegani. Na ile karatasi aliiandika kama hati ya kisheria, na mhuri wa ofisi akaugonga. Akirudi salama aliichana mbele yetu akicheka.

Fundi Saa: Mimi nadhani ni mlima wenyewe.

Makasi: Mlima umefanyaje?

Fundi Saa: Umeupanda miaka ishirini. Umekuzoea. Siku moja umekuja peke yako, mke na watoto hawapo. Si unakubakiza?

Makasi: Acha kunitisha, bwana, nimeshika wembe.

Spika: Na je, tuna hakika amekufa?

Mimi: Spika!

Spika: Nauliza tu. Nyinyi mliuona uso?

Mimi: Tulibeba jeneza.

Spika: Jeneza, ndiyo. Uso?

Hapo nikashindwa kuvumilia.

Mimi: Ni baridi iliyomuua. Daktari kasema alikuwa hai mpaka alfajiri. Mchana kutwa na usiku kucha alikuwa kule anasubiri watu. Anatusubiri sisi.

Hata mteja wa Makasi alichungulia mlangoni na povu lake.

Mimi: Haya. Asubuhi karatasi aliniachia mimi. Kahawa ikaisha saa tano, nikampa Fundi Saa mkononi.

Fundi Saa: Nami saa sita nilikwenda kutafuta betri. Nikampa Makasi.

Makasi: Na mimi duka lilijaa, mikono ina maji. Nikampa Spika. Alikuwa hapa hapa, anacheza drafti.

Spika aliinamisha shingo.

Fundi Saa: Spika. Uliipeleka wapi?

Spika: Benchi lilikuwa linayumba.

Makasi: Tunakuuliza karatasi.

Spika: Lilikuwa linayumba, kete zinateleza. Nikaikunja mara nne. Nikasema nikimaliza mchezo nitaitoa.

Sote tuliinuka kama tumechomwa. Makasi akapiga goti, akainua mguu wa benchi, akaitoa. Wiki tatu tulikuwa tumeikalia. Aliikunjua, mhuri ukaonekana, akasoma kwa sauti ya chini.

Makasi: "Mimi niliyetajwa hapo juu nitapanda kwa njia ya korongoni na kurejea saa saba kamili. Nisipoonekana kufikia saa nane, nitafutwe. Mke wangu na watoto wako kwa bibi yao, hivyo nyinyi peke yenu ndio mnaojua nilipo."

Fundi Saa: Mungu wangu.

Makasi: Wewe usiseme Mungu wangu. Una saa arobaini ukutani, hakuna hata moja iliyokwambia ni saa nane?

Fundi Saa: Nilijua ipo kwako!

Makasi: Nami nilijua ipo kwa Spika!

Na mimi? Mimi nilirudi saa kumi jioni na birika la pili. Nikakaa, nikaona benchi limetulia, nikafurahi kwamba hatimaye wamelitengeneza. Sikuuliza Wakili karudi au la. Hilo sikuwaambia.

Spika: Ichomwe. Kiberiti kiko wapi?

Makasi: Uchome maandishi ya marehemu?

Fundi Saa: Anakuja! Yule pale!

Sijui karatasi ilinifikiaje. Nilijikuta nimeisukumia mfukoni, na binti ameshafika mbele yetu.

Binti: Shikamooni.

Sote: Marahaba, mwanetu.

Aliketi pale alipokuwa anaketi baba yake. Benchi likayumba, Spika akalishika kwa mikono miwili. Nilimmiminia kahawa, nusu ikaingia kikombeni na nusu kwenye kiatu changu.

Binti: Sitawachosha, baba zangu. Msibani mama aliwauliza kama baba aliwapitia siku ile, mkainamisha vichwa. Tukaelewa kwamba alisahau. Kwa sababu angepita hapa, mngeita watu.

Makasi alikuwa anaufuta wembe uliokwisha kukauka.

Binti: Mama hajatoka ndani tangu siku ile. Wadogo zangu hawataki hata kufungua dirisha linalotazama mlima. Nimewaambia Jumamosi hii tunapanda, wote wanne, njia ile ile ya baba. La sivyo tutauogopa maisha yetu yote. Mama kakubali, lakini kwa sharti moja.

Alifungua mkoba akatoa karatasi. Aliiandika kama hati, mhuri wa ofisi ameugonga chini, umekaa upande kidogo.

Binti: Baba alikuwa anatuambia, tukiwa juu tusiogope kitu, kijiwe kinajua tulipo. Sasa nimwachie nani kati yenu?

Aliinyoosha mbele yetu. Fundi Saa alimtazama Makasi, Makasi akamtazama Spika, Spika akanitazama mimi. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, na sikuweza kuutoa.